Nyumba ya mawe na mbao: mambo tuliyojifunza kwa mafundi



Tangu mikutano mitatu ya siku ya posho mmekuwa mkituuliza: "Ile nyumba ya mama mjane iliisha namna gani?" Wengine, bila kuficha, waliuliza feza za likelemba zilienda wapi. Ni haki yenu kuuliza, sababu kila mmoja wenu alitosha kidogo chake. Basi juma hili tutaeleza yote, hata yale yenye kutupa haya. Na tutaeleza pia habari ya ufundi wenyewe, kazi ya mawe na kazi ya mbao, maana tumeona kwamba mama asiyejua hata kidogo habari ya ufundi anajenga nyumba yake akiwa amefumba macho.

Goma yetu mnaijua. Tunakaa juu ya volkano. Wazee wanakumbuka mwaka wa 1977. Sisi wengi tunakumbuka tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 2002, wakati lava ilipopita katikati ya muji mpaka ikaingia ziwani. Na hata watoto wanakumbuka usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka wa 2021. Usiku ule mama mjane wetu alitoka nyumbani kwake upande wa Buhene na watoto wanne, godoro moja na sufuria. Aliporudi, nyumba haikuonekana tena. Palikuwa mawe meusi yenye kutoa moshi, na manjanja moja imejikunja kama karatasi.

Miaka miwili alikaa kwa ndugu yake, watu kumi na moja kwa vyumba viwili. Katika chama tukakubaliana: kila juma tutaweka kitu pembeni, na feza zikifika tutamjengea. Si nyumba kubwa. Vyumba viwili na sebule ndogo, msingi wa mawe, kuta za mbao, manjanja juu.

Kwa nini mbao? Wageni wanaofika Goma wanashangaa kuona mbao nyingi hivi katika muji mkubwa. Nyumba ya mbao ni nyepesi. Ardhi ikitetemeka, inayumba lakini si rahisi iwaangukie watoto. Gharama yake inawezekana. Tena, mtu akipata shida ya kiwanja anaweza kuibomoa na kuijenga pengine. Ubaya wake ni moto, na mama anayepikia ndani ya nyumba ya mbao anajua namna gani mbabula moja iliyopinduka inaweza kumaliza avenyu nzima. Lakini hata nyumba ya mbao inataka kukaa juu ya mawe. Hapo ndipo sisi tulipoanguka.

Msingi uliotufundisha

Fundi wa kwanza alikuja akiwa na maneno mazuri. Alituandikia devi kwenye karatasi ya daftari, mistari sita, na chini yake jumla. Hatukuuliza kitu. Tulimpa nusu ya feza zote siku ileile, naye akatuambia: "Wamama, nyinyi mwende sokoni kwenu, kazi hii ni ya wanaume, mtakuja kuona nyumba." Tukafurahi, tukaenda sokoni kwetu.

Msingi uliisha kwa siku nne. Tulisema ni fundi mwepesi. Ilikuwa mwisho wa ukame. Mvua za mwezi wa 9 zilipoanza, pembe moja ya msingi ikapasuka, kisha ufa ukatembea ukutani kama nyoka mpaka pembe ya pili. Mmoja wetu akakwaruza katikati ya mawe kwa msumari tu, na mchanga ukamwagika kama unga wa muhogo. Simenti ilikuwa haba kabisa. Baadaye kijana aliyekuwa msaidizi wake alituambia kwamba walikuwa wanachanganya buruweti sita za mchanga kwa mfuko mmoja. Mifuko mingine ililala pengine usiku, na asubuhi haikuwepo.

Tulimtafuta fundi huyo. Simu yake ilikuwa imefungwa. Tulipompata, alisema kosa ni la mvua.

Tuliketi siku ya yenga nyuma ya sala, na kweli wengine walilia. Mama mjane ndiye aliyetutuliza, akisema amekwisha kupoteza nyumba nzima kwa usiku mmoja, hawezi kufa kwa ajili ya msingi. Lakini sisi tulijua kwamba feza ile ilikuwa ya mama anayeuza sambaza, ya mama anayeuza makala, ya mama anayefulia watu. Tukapatana mambo mawili. Kwanza, tuanze tena, hata kama itachukua mwaka. Pili, hakuna fundi atakayefanya kazi bila mmoja wetu kusimama pale, kila siku, akiangalia na akiuliza.

Mzee wa mawe

Fundi wa pili alikuwa mzee. Amejenga misingi Goma tangu mbele ya volkano ya 2002, na mikono yake imekuwa kama mawe yenyewe. Tulipomwambia kwamba wamama watakuwa wanasimama kwenye kazi yake, tulifikiri atakasirika. Akacheka, akasema: "Mama akisimama hapa, wasaidizi wangu hawatalala." Tangu siku hiyo alikuwa anatueleza kila kitu, hata tusichouliza, na mara nyingine tulitamani anyamaze kidogo. Lakini leo tunamshukuru.

Kwanza alibomoa kazi yote ya mwenzake. Tulimsihi abakize upande mmoja uliosimama vizuri, naye akakataa. Alisema hawezi kuweka jina lake juu ya kitu asichokijua ndani. Mawe aliyahifadhi, akayasugua kwa brashi ya chuma na kuyaosha kwa maji, sababu simenti haishiki juu ya vumbi. Jambo hilo hatukulijua kabisa. Fundi wa kwanza alikuwa anachukua mawe na udongo wake na kuyatupa moja kwa moja kwenye simenti.

Kisha alipiga ardhi kwa baramina. Hapa kwetu mtu anafikiri kwamba akifika kwenye lava amefika kwenye mwamba. Si hivyo kila mara. Juu kunaweza kuwa maganda yenye matundu, na chini yake nafasi tupu. Mzee alikuwa anapiga na kusikiliza. Pale sauti ilipokuwa nzito na tupu alitosha maganda mpaka akafika penye kulia vizuri. Vilevile kwa mawe: alichukua jiwe mkononi, akalipiga kwa nyundo ndogo. Jiwe zima linalia kama chuma. Jiwe lenye ufa ndani linatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Wamama wote tunajua sauti ya chungu kilichopasuka, hata hakuhitaji kutufundisha.

Mawe mepesi yenye matundu mengi hakuyatia chini. Aliyaweka pembeni kwa kazi nyepesi. Chini alitumia mawe mazito, makubwa, kila moja likilazwa kwa upande wake mpana, sawa vile mtu analala na si sawa vile anasimama. Jiwe la mstari wa juu alilipandisha katikati ya mawe mawili ya chini, ili nafasi moja isifuate nafasi nyingine kwa kupanda juu. Ufa unapenda njia iliyonyooka, alisema, usimpe njia. Tena kila kama meta moja aliweka jiwe refu lenye kupita upana wote wa ukuta, kutoka nje mpaka ndani, ili pande mbili zishikane. Msingi wa kwanza haukuwa na jiwe hata moja la namna hiyo. Ulikuwa kuta mbili nyembamba, na katikati yake vipande na takataka vilivyotupwa tu.

Upana wa ukuta ulikuwa sentimeta 40. Kimo chake juu ya ardhi kilikuwa karibu nusu meta, ili maji ya mvua yakiruka yasifike kwenye mbao.

Sasa habari ya mchanganyiko, na hapa tunaomba kila mama aandike, maana ndipo feza inapoibiwa. Mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 kwa buruweti mbili za mchanga zilizojaa vizuri. Ukienda mpaka tatu, ndiyo mwisho, na iwe kwa sehemu isiyobeba uzito. Mchanga uwe safi. Mzee alitufundisha kuujaribu kwa chupa: tia mchanga nusu ya chupa, jaza maji, tikisa sana, kisha uache ukae. Mchanga unashuka chini na udongo unabaki juu yake kama tope. Tope likiwa kidogo, ni sawa. Tope likiwa nene, mrudishie mwenye kuuza. Tulirudisha lori moja. Dreva alipiga kelele mno, lakini chupa ilikuwa mbele ya macho yake.

Maji nayo yasizidi. Msaidizi anapenda maji mengi kwa sababu kuchanganya kunakuwa rahisi, lakini maji mengi yanaua nguvu ya simenti. Na simenti iliyokwisha kuanza kukauka usikubali iamushwe kwa maji mengine. Hiyo imekwisha kufa.

Juu ya mawe alipitisha shenaji, mshipi wa beto wenye vyuma vinne vya ferabeto kuzunguka nyumba yote. Ndani yake, mbele haijakauka, alichomeka vipande vya chuma vyenye kusimama, ambavyo fundi wa mbao angefungia nguzo zake. Kisha akatupa sisi kazi: kumwagilia maji asubuhi na jioni, siku saba zisizopungua, na kufunika kwa magunia na majani ya migomba ili jua lisiikaushe upesi. Simenti haitaki kukauka haraka. Inakunywa maji ili iwe ngumu, na inaendelea kupata nguvu mpaka karibu mwezi mzima. Tuligawana zamu. Watoto wa mama mjane walibeba bidoni, na ndani ya zile siku saba hakuna aliyelalamika.

Jambo moja lilitufurahisha kuliko yote. Mzee alitaka kupima pembe za nyumba. Alichukua kamba, akapima meta 3 upande mmoja, meta 4 upande mwingine, na kusema kwamba kama kati ya ncha mbili kuna meta 5 kamili, pembe ni sawa. Kama si hivyo, pembe imepinda. Mama wetu anayeuza vikwembe akaielewa mbele ya wasaidizi wote. Akaenda kwa ile nyumba anayopanga yeye mwenyewe, akapima, akakuta pembe hata moja haiko sawa. Alituambia sasa anajua kwa nini kabati lake halikukaa vizuri siku hata moja.

Fundi wa mbao

Mbao zilitusumbua kwa bei. Vita vilipofunga barabara, mbao zilizokuwa zinatoka upande wa Masisi na Rutshuru zikapungua, na kila juma bei ilikuwa nyingine. Tulinunua kidogo kidogo, na kumbe hiyo ilikuwa bahati yetu.

Mbao za mikaratusi zilizokatwa jana zina maji. Ukizipigilia leo, kesho kutwa zinajipinda, na nafasi kati ya ubao na ubao inakuwa kubwa mpaka jirani anaona unachokula. Fundi wetu wa mbao, kijana mwenye tabia nzuri na maneno machache (Mungu ni mwema, baada ya yule mzee), alizipanga chini ya paa, na katikati ya kila mstari akaweka vijiti ili upepo upite. Zilikaa pale majuma mengi. Ile miezi ya kungoja feza ikawa miezi ya kukausha mbao.

Sisi tulijifunza kuangalia hivi. Ubao mbichi ni mzito kuliko mwenzake wa kipimo kilekile, na unanuka. Ukipiga msumari, maji kidogo yanatokea pembeni. Angalia pia ncha za ubao: ikiwa zimepasuka sana, kata kwanza, usilipie meta ambayo hutaitumia. Kisha shika ncha moja, ulete jicho lako karibu, uangalie urefu wote kama mtu anayelenga. Kama umepinda utauona mara moja.

Nguzo hakuzichimbia ardhini. Alizisimamisha juu ya msingi na kuzifunga kwenye vile vyuma. Nguzo iliyochimbiwa inaoza chini, na mchwa wanaipanda ndani kwa ndani. Sehemu zote za chini alizipaka mafuta machafu ya gari mara mbili. Yananuka majuma mengi, tunakiri, na asipakwe mtu mikononi wala watoto wasiguse mpaka yakauke. Mbao za ukuta alizipanda kuanzia chini kwenda juu, kila ubao ukifunika kidogo kichwa cha ule wa chini, ili mvua iteremke nje. Tulipoangalia nyumba za jirani tukaona wengine wamefanya kinyume, na maji yanaingia kama kwenye mfuko.

Msumari nao una akili yake. Uwe mrefu mara mbili na nusu au mara tatu kuliko unene wa ubao unaopigilia. Na tulimwona akigeuza msumari, kuupiga kidogo kwenye ncha mpaka ubutuke, ndipo anautumia. Tukauliza kwa nini anaharibu misumari yetu. Akasema: "Mama, ncha kali inapasua ubao. Ncha butu inakata njia yake." Tangu hapo hatukusema neno.

Kwa manjanja, misumari inapigwa juu ya mgongo wa wimbi, si kwenye bonde ambapo maji yanapita. Na manjanja moja ipande juu ya nyingine kwa wimbi moja na nusu. Hapa Goma moshi wa volkano unakula manjanja upesi, wote mnajua, basi usichukue zile nyembamba sana kwa sababu bei ni nzuri.

Mlango ni kitu ambacho mama yeyote anaweza kukagua bila kusoma. Mlango wa mbao una ubao mmoja wa mshazari nyuma yake. Ubao huo uanzie chini upande wa bawaba, upande juu kuelekea upande wa kufuli. Hivyo unasukuma uzito wa mlango kwenye bawaba. Ukiwekwa kinyume, mlango unashuka, unaanza kukwaruza chini, na baada ya mwaka unaunyanyua kwa mikono miwili kila asubuhi. Nendeni mwangalie milango yenu. Sisi tuliangalia ya chumba chetu cha mikutano, na hatutasema tulikuta nini.

Feza na karatasi

Mara ya pili tulifanya tofauti. Vifaa tulinunua sisi wenyewe, na resi zikaingia kwenye daftari la chama. Fundi alilipwa kazi ya mikono yake tu. Kila asubuhi mama wa zamu alihesabu mifuko ya simenti, na jioni mifuko mitupu ilirudi mikononi mwetu. Mifuko mitupu kumi maana yake mifuko kumi ilitumika. Ni jambo dogo, lakini mtu akijua kwamba utahesabu mifuko mitupu, ile iliyojaa haitembei usiku.

Tulilipa kwa hatua. Avansi ndogo ya kuanza, sehemu msingi ulipoisha, sehemu kuta ziliposimama, sehemu manjanja ilipopanda. Sehemu ya mwisho tuliishika mpaka mvua kubwa ya kwanza inyeshe tuone kama inavuja. Mafundi wote wawili walikubali mbele ya kuanza, tukaandika, tukatia sahihi, na mashahidi wawili wa avenyu. Fundi mzuri haogopi karatasi. Lakini na sisi tutimize: siku ya kulipa ikifika, mlipe. Tumesikia mafundi wengi wakilia juu ya wenye nyumba wanaowazungusha miezi, na watoto wao pia wanataka kula na kulipiwa minervali.

Mama mmoja aliuliza kama mwanamke mwenye bwana anaweza kutia sahihi kontra ya fundi. Sheria ya familia ya mwaka wa 1987 ilimtaka apate ruhusa ya bwana kwa mambo ya namna hiyo. Ilirekebishwa mwezi wa 7 mwaka wa 2016, na ruhusa hiyo ikaondolewa. Sasa inasema bwana na bibi wapatane kwa mambo yenye kuwafunga wote wawili. Kupatana si kuomba ruhusa, ingawa katika nyumba nyingi tunajua bado ni kazi ndefu kuielewesha tofauti hiyo.

Binti mwenye nyundo

Tulisema juu ya wasaidizi wa mzee wa mawe. Mmoja wao ni binti wa mwenzetu katika chama, mwenye miaka 19. Alianza kwa kubeba mawe tu, siku tulipopungukiwa mtu. Siku ya tatu mzee alimpa mwiko ashikilie. Juma la pili alikuwa analaza mawe ya ndani, na mzee alisema jicho lake ni zuri kuliko la vijana, maana hana haraka.

Maneno yalikuwa mengi. Wapita njia walisimama na kucheka. Mama yake mwenyewe, na ametupa ruhusa tuseme hili, alilala usiku mzima akifikiri nani atamwoa binti mwenye mikono ya namna hiyo. Alimkataza siku mbili. Siku ya tatu mzee alimfuata nyumbani, akaketi, akasema: "Mama, mtoto wako nikimwachia sasa, nitakuwa nimeiba kitu." Mama akamruhusu. Leo binti anapokea mshahara wa siku sawa na vijana. Nusu anamletea mama yake, na kwa nusu ananunua vyombo vyake kimoja kimoja: nyundo, mwiko, meta, kamba yenye chuma cha kupimia ukuta. Kila akinunua kimoja anakuja kutuonyesha.

Wamama wenye watoto wanaotaka ufundi, binti au kijana, mna njia mbili. Moja ni shule: INPP, ambayo serikali iliianzisha mwaka wa 1964, inafundisha ufundi, na hapa Goma iko pia, na kwa Don Bosco Ngangi vijana wengi wamejifunza useremala na ujenzi. Nyingine ni kumweka kwa fundi. Hiyo ndiyo wengi wanaifuata, sababu gharama yake ni ndogo, lakini ndiyo yenye hatari. Tumeona watoto waliokaa miaka miwili kwa fundi wakichota maji na kununua sigara, bila kushika msumeno. Kwa hiyo andikeni: atajifunza nini mwaka wa kwanza, nini wa pili, atapata chakula au la, lini ataanza kupewa kitu, na akiumia nani atalipa hospitali. Na asiwe mtoto mdogo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka wa 2009 inakataza kumwajiri asiyetimiza miaka 16. Mtoto wa miaka 12 mahali pake ni darasani, hata kama fundi ni mjomba wake.

Kwa wamama wanaopasua mawe

Hatuwezi kuandika habari ya mawe tukawasahau. Kokoto yote iliyoingia kwenye shenaji ya nyumba hii ilipasuliwa na wamama, kwa nyundo, wakiketi juani, na kuuzwa kwa besheni. Ufundi wa Goma unaanzia mikononi mwao, na bei yao ndiyo ya chini kuliko wote. Tulinunua kwao moja kwa moja, bila mtu wa katikati.

Wawili kati yao wana jicho moja lililoharibiwa na kipande cha jiwe. Tunaomba: miwani, hata ya plastiki ya bei ndogo. Kitambaa puani. Lowesheni mawe maji mbele ya kuyapasua, vumbi litapungua. Na mtoto mchanga asiwe mgongoni wala mbele yenu wakati wa kupiga. Vipande vinaruka mbali kuliko mnavyofikiri. Kama kundi la mahali fulani linataka miwani, mje tuongee, tunaweza kununua kwa wingi na kulipa kidogo kidogo kama tunavyofanya kwa sabuni.

Habari za mwisho

Mama mjane aliingia ndani ya nyumba yake mwezi wa 8. Mvua kubwa ilinyesha mwezi wa 9, usiku, na asubuhi sana wanne wetu tulikuwa kwenye mlango tukiwa tumelowa. Alitufungulia akiwa na taa mkononi. Sakafu ilikuwa kavu, isipokuwa kidogo karibu na dirisha moja, ambako fundi wa mbao alirudi siku ileile kuongeza ubao. Tulimlipa sehemu yake ya mwisho palepale, na mzee yake.

Kinachobaki ni choo. Kuchimba kwenye lava ni kazi ya siku nyingi, na feza iliyobaki katika sanduku haitoshi. Binti amesema atajenga ukuta wa choo bila malipo, mradi apewe mawe na simenti. Siku ya posho ijayo tutafungua daftari mbele ya wote, kila mmoja aone resi kwa macho yake, kisha tuongee juu ya choo. Njooni mapema. Mzee wa mawe amesema atakuja pia, kwa hiyo mkutano utakuwa mrefu.